Helmeti ya Orijino na Helmeti ya Ruiru

Siku niliyorudisha aproni na kitambulisho cha getini, nilienda nyumbani Mugutha nikalala saa nane mchana kama mtoto wa nasari. Nilipoamka nikakumbuka kwamba hakuna helmeti hata moja duniani inayonisubiri niseme ni nzuri au ni mbaya. Sijui kama mmewahi kuonja raha ya namna hiyo. Kwa miaka mingi sikuweza kushika kifuniko cha chupa ya chai, hata cha kanisani, bila kukigeuza kutafuta mahali plastiki ilipoingilia moldi, lile umbo la chuma linaloifinyanga. Siku hizi nakifungua tu na kumimina chai.

Mliniomba niandike machache kwa ajili ya yule atakayeikalia meza yangu. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Cheo changu kilibadilishwa jina mara tatu na meza ikabaki ile ile, kwa hivyo nitaongea juu ya meza.

Nilianzia Thika, katika kiwanda cha plastiki kilichotengeneza beseni, viti na vifuniko vya mitungi ya maji. Siku ya kwanza nilienda na viatu vya kanisani, maana nilidhani kukagua ubora ni kazi ya ofisini. Nikapewa stuli kando ya mashine na katoni tupu, nikaambiwa kila kifuniko kikianguka nikijaribu kwenye shingo ya mtungi, kikikubali nikitupe ndani ya katoni. Vilikuwa vya moto na vilifunga vizuri. Nilijaza katoni baada ya katoni nikijisifu kimoyomoyo kwamba kazi nimeiweza. Kesho yake asubuhi hakuna hata kimoja kilichokubali kufunga. Vilipopoa vilikuwa vimenywea, na mimi nilikuwa nimetia sahihi kila katoni kwa mwandiko mzuri sana.

Aliyenitoa aibu hiyo alikuwa Mzee Indeche, fundi wa moldi, mtu wa Kakamega aliyekaa Thika mpaka Kikuyu chake kikawa safi kuliko changu. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba plastiki ya moto haiaminiki, ungoje ipoe ndipo uipime. Halafu akanifungulia kabati lake na kunionyesha vyuma viwili vya mviringo vilivyofanana kabisa. Kimoja kilikuwa kipimo cha kufanyia kazi, kile kilichoingizwa ndani ya vifuniko kutwa nzima. Cha pili alikiita kipimo mama. Kilikuwa kimezungushiwa kitambaa chenye oili, na hakikugusa kifuniko hata siku moja. Kila mwisho wa mwezi alivipima vyote viwili kwa vernia, ile rula ya chuma yenye taya, aone kama bado vinalingana. Nilimuuliza chuma kinawezaje kubadilika kwa kuguswa na plastiki.

"Kitu kinachopima kila siku kinaliwa kila siku," akaniambia. "Kinaliwa pole pole, ndio usishtuke."

Nilifanya kazi naye mpaka alipostaafu na kurudi kwao. Baadaye kiwanda kikabadilisha wenyewe, wafanyakazi wakapunguzwa, nami nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Nilikaa nyumbani nikikagua ubora wa sukuma wiki ya jirani, ambaye hakuwa ameniomba. Ndipo Kariuki akanitafuta. Huyu alikuwa amepitia kwetu Thika akiwa mwanafunzi, akisoma uinjinia, na sasa alikuwa amefungua karakana yake Ruiru yenye mashine moja na mipango mingi. Watu wote humwita Injinia, hata mimi niliyemfundisha kushika vernia.

Aliniwekea mezani kijitu cha plastiki kisichozidi kidole gumba. Kilikuwa na uso wa manjano unaotabasamu, na kichwani kilivaa kitu kama sufuria. Akanieleza kwamba huyo ni askari wa Ulaya ya kale, wale waliopigana juu ya farasi wakiwa wamevaa chuma mwili mzima. Iko kampuni kubwa ng'ambo inayotengeneza vijitu hivyo pamoja na helmeti zake, na wako watu wazima, wenye ndevu na kazi za benki, wanaokusanya majeshi mazima wakiyapanga juu ya kabati. Shida yao ni kwamba kampuni inatengeneza aina chache za helmeti, nao wanataka kila aina iliyowahi kuvaliwa: ya ndoo, ya ncha, yenye mabawa, yenye kifuniko cha uso kinachoinuka. Kariuki alitaka kuwatengenezea hizo ambazo kampuni haina. Tusingenakili kitu chao wala kutumia jina lao. Kichwa kilikuwa chao na kofia yetu, na kofia hiyo ilibidi ikae vizuri juu ya kichwa hicho.

Nilimuuliza kama anataka kunilipa nivalishe wanasesere. Akasema ndiyo. Nikamwambia sawa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulinganisha. Nilichora karatasi yenye safu mbili, moja nikaiandika Orijino na ya pili Yetu, na kwa mwezi mzima nilijaza safu hizo kwa haki kadiri nilivyoweza. Helmeti ya orijino haikuonyesha mahali popote plastiki ilipoingilia. Alama hiyo waliificha ndani, na hata mimi ilinichukua dakika kuipata. Yetu ilikuwa na kipele utosini, mahali penyewe ambapo Injinia alitaka pachomekwe unyoya. Rangi ya kijivu ya orijino ilikuwa ile ile kila nilipofungua paketi. Kijivu chetu kilikuwa cha mawingu wiki hii na cha uji wiki ijayo. Kuta za orijino zilikuwa nene kiasi kwamba mtoto anaweza kuikanyaga helmeti na ikamuumiza yeye. Zetu zilikuwa nyembamba, kwa sababu wenye ndevu wanataka zifanane na chuma cha kweli, nazo zilipasuka ukizitazama vibaya.

Lakini niliandika pia tulipowashinda. Matundu ya macho kwenye helmeti yetu ya ndoo yalikuwa yametoboka kweli, unaona rangi ya manjano ya uso ikichungulia. Vichwa vya misumari ukingoni vilionekana kimoja kimoja ukitumia lenzi. Kifuniko cha uso kiliinuka na kushuka. Kwa macho sisi tulishinda, kwa vidole wakashinda wao, na kitu cha kuchezea hukaa vidoleni zaidi. Nilimpelekea Injinia karatasi hiyo. Akaisoma mara mbili, kisha akatoka nje kupiga simu ya kutafuta fundi mwingine wa moldi.

Kipimo changu kilikuwa kile kijitu cha kwanza, cha orijino. Nilikiita Chifu, kwa sababu kilitabasamu kama chifu aliyeahidi barabara. Kila saa nilichukua helmeti kadhaa zilizokwisha kupoa na kumvalisha. Nilimvika, nikamgeuza kichwa chini miguu juu, nikamtikisa mara tatu, kisha nikaivua kwa vidole viwili. Helmeti nzuri haidondoki akitikiswa, na ikivuliwa inakiacha kichwa shingoni. Ikidondoka imelegea. Ikiondoka na kichwa, imebana. Hakuna mashine iliyonisaidia zaidi ya mikono yangu na Chifu, na nilimwamini sana. Alikuwa orijino, angekosea vipi?

Kesi ngumu zilikuwepo. Pini ya kifuniko cha uso ilitusumbua karibu mwaka mzima. Ilikuwa nyembamba kuliko kijiti cha kuchokolea meno, na ilikatika hata kwa kutazamwa. Aliyeimaliza kesi hiyo ni Barasa, mtu wa kuseti mashine, aliyekuja kwetu kutoka Bungoma kwa njia ya viwanda viwili vya Thika. Barasa alikuwa akiweka kiganja juu ya mashine na kuisikiliza, na mara nyingi alijua imeharibika kabla haijaharibika. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: hakupenda kuandika. Akibadilisha kitu anakiweka kichwani. Mimi nami, badala ya kumlazimisha kuandika, nilizoea kumwambia mambo kwa mdomo.

Mwaka jana helmeti zikaanza kulegea. Nilimvika Chifu, nikamgeuza, ikadondoka. Nikamwambia Barasa akaze kidogo. Yeye akapunguza muda wa kupoza ndani ya moldi, ili helmeti itoke ingali na joto na kunywea zaidi yenyewe. Ikakaa vizuri. Baada ya miezi michache ikalegea tena, nikamwambia tena, akakaza tena. Halafu mara ya tatu. Kwenye fomu zangu niliandika "sawa" kila siku, kwa sababu kila siku mwisho wa yote ilikuwa sawa.

Ndipo vifurushi vikaanza kurudi. Helmeti ikivaliwa haivuliki, walisema wateja, na ukivuta kwa nguvu kichwa kinatoka nayo. Nyingine zilikuwa zimepasuka ubavuni. Baba mmoja aliandika kwamba alimnunulia bintiye jeshi zima kwa sikukuu ya kuzaliwa, na sasa mezani kuna safu ya askari wasio na vichwa na msichana hataki kula. Injinia alisoma ujumbe huo akiwa amesimama.

Jumatatu akatuita sisi wawili mbele ya mashine. Ukutani palikuwa na karatasi ya mipangilio ya siku ya kwanza, na muda wa kupoza ulioandikwa pale ulikuwa mrefu kuliko ule uliokuwa kwenye mashine, mrefu sana. Akauliza ni nani aliupunguza. Barasa akasema ni yeye, kwa kuwa nilimwambia zinalegea. Injinia akanigeukia. Nikasema ni kweli, niliwahi kumwambia akaze kidogo.

Hilo neno "niliwahi" nimelijutia kuliko neno lolote nililosema kazini. Nilimwambia mara tatu, nami nilijua ni mara tatu.

Injinia akachukua helmeti ya asubuhi hiyo, akamvika Chifu, akamgeuza, akamtikisa, akaivua kwa vidole viwili. Ilikaa vizuri kabisa. Kwa hivyo, akasema, zinazotoka Mama Njoki, yaani mimi, akiwa hapa ni nzuri. Mbaya ni zile za siku ambazo mama hayuko, ameenda kliniki kupimwa presha, na mtu anaharakisha mashine amalize hesabu yake mapema aende. Barasa alikana. Hakupiga kelele, alisema tu hajawahi kufanya hivyo. Injinia akamwambia Ijumaa atapata barua yake, na amshukuru Mungu kwamba hadai hasara.

Mngeniuliza siku hiyo kama naamini Barasa ni mvivu, ningesema hapana. Lakini Chifu alikuwa ametoa ushahidi mbele yetu sote, na ushahidi wa Chifu sikuwahi kuupinga. Nikarudi kwenye meza yangu. Barasa alifanya kazi siku hizo akiandika kila kitu kwenye daftari, hata saa aliyokunywa maji. Kiganja chake hakukiweka tena juu ya mashine. Mke wake alikuwa na mtoto mchanga, na nyumba waliyopanga Ruiru waliipata kwa sababu ya kazi hii. Hayo yote niliyajua, na bado nilikaa kimya.

Alhamisi kabla ya chakula cha mchana kikaja kifurushi kingine. Mteja alikuwa ametuma helmeti ikiwa bado imekwama juu ya kijitu chake, kijitu kipya kilichotoka tu kwenye paketi. Niliikata helmeti kwa wembe polepole mpaka kichwa kikawa huru. Ninayo mikebe ya siagi ambamo huweka helmeti moja ya kila kundi tulilowahi kutengeneza, na bila kufikiria sana nikatoa moja ya mwaka wa kwanza, zile ambazo hazikuwahi kurudishwa na mtu. Nikakivika kile kijitu kipya. Ikakaa. Nikakigeuza, nikakitikisa, nikaivua kwa vidole viwili, kichwa kikabaki shingoni. Basi nikamvika Chifu helmeti hiyo hiyo. Nilipomgeuza ilidondoka chini kabla sijamtikisa.

Niliiokota nikarudia. Ikadondoka tena. Nikachukua vernia nikapima vichwa vyote viwili mara nne. Kichwa cha Chifu kilikuwa kimepungua. Pembeni kilikuwa kinang'aa kama makalio ya suruali ya shule. Kila saa ya kazi, kwa miaka, nilikuwa nimemvika na kumvua, na kila helmeti ilikuwa imeondoka na chembe isiyoonekana. Helmeti zetu hazikuwahi kulegea. Nilikuwa nimemfanya Barasa akaze helmeti mara tatu kwa ajili ya kichwa ambacho hakuna mtu mwingine duniani anacho.

Na jambo lenyewe nilikuwa nimefundishwa. Mzee Indeche alinifungulia kabati akanionyesha kwa macho. Ingekuwa ni chuma cha mviringo kilicho mezani mwangu, ningekipima kila mwezi bila kukumbushwa. Lakini hiki kipimo kilikuwa na uso na tabasamu na jina nililokipa mwenyewe, na haikunijia hata siku moja kwamba kinaweza kuliwa. Shikeni hilo, ninyi mnaokuja. Kama mmekipa kifaa jina, kipimeni mara mbili.

Sitawadanganya kwamba niliinuka papo hapo. Hakuna aliyeniona, na nilikuwa nimebakisha miezi saba kustaafu. Nilikaa na githeri yangu mbele yangu mpaka ikapoa. Niliona haya, na zaidi ya haya niliogopa, mwanamke mzima wa umri wangu. Halafu nikawaza Ijumaa, Barasa akitoka na barua ile kwa sababu ya kichwa cha kijitu. Nikafunika githeri, nikabeba vijitu vyote viwili na helmeti ya mkebeni, nikaingia ofisini kwa Injinia.

Sikumweleza sana. Nilimwacha avike na kugeuza mwenyewe. Alirudia mpaka nikafikiri hataacha.

"Kwa hivyo zile nzuri ndio mbaya," akasema mwishowe.

"Zote. Hata zile nilipitisha nikiwa hapa."

"Na Barasa?"

"Barasa alifanya kile nilimwambia. Nilimwambia mara tatu, Injinia. Jumatatu nilikuambia kama ni mara moja."

Barua ilikuwa tayari mezani, imekunjwa mara tatu, na jina liko juu. Nilikuwa nimejitayarisha kusikia kwamba nitaandikiwa ya kwangu. Badala yake akaivuta barua, akaiweka ndani ya droo, akaniambia nikamwambie Barasa mimi mwenyewe, sasa hivi, na nikirudi nitafute vijitu viwili vipya, kimoja cha kufanyia kazi na kimoja cha kufungia kabatini. Tulirudisha muda wa kupoza wa siku ya kwanza, tukawatumia wateja helmeti nyingine, na yule msichana wa jeshi lisilo na vichwa tukamtumia zenye mabawa. Lakini hayo ni ya wiki zilizofuata. Siku hiyo nilikusanya vijitu vyangu, nikapitia mezani nikachukua vernia, kisha nikatoka kumtafuta Barasa.

Barasa nilimpata nje ya geti, kwenye kibanda cha chai, mfuko wa vifaa vyake umefungwa na umewekwa kando ya mguu. Chapati yake ilikuwa haijaguswa. Nikaketi mbele yake na kumweleza yote, pamoja na lile neno "niliwahi", na nikamwomba msamaha. Alinyoosha mkono nikampa vernia, akapima kichwa cha Chifu, akapima cha kile kijitu kipya, kisha akaanza upya. Mama wa kibanda akaja kutuuliza kama tunanunua au tunachezea wanasesere, akaona nyuso zetu akaondoka.

"Uko na uhakika, mama?"

"Niko na uhakika."

Akaiweka vernia chini taratibu.

"Jana nilimwambia bibi yangu ni kweli nilikosea," akasema. "Nimetafuta hiyo siku nilikosea, nimeikosa. Nikamwambia tu ni kweli."

Hakuningoja nijibu. Alitoa simu mfukoni akampigia mkewe pale pale. Nilisikia mtoto mchanga akilia upande wa pili na mwanamke akisema haloo. Barasa hakumsalimia wala hakuuliza habari ya mtoto.

"Si mimi," akamwambia. "Unasikia? Si mimi."